Mguu Ulionyamaza

Mwenye kisukari akilalamika kwamba nyayo zinamuwaka moto, bado ana bahati. Wa kuhofia ni yule ambaye miguu yake imeacha kumsumbua.

Mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni. Panya anatafuna, mtu anakoroma. Anakuja kuona kidonda asubuhi. Hapa Nkololo, wilayani Bariadi, kisa hicho hakihitaji maelezo marefu. Mavuno yakiingia, gunia la mahindi na mtu hulala chumba kimoja, na panya naye ni mwenyeji.

Sukari ikikaa juu miaka na miaka huharibu mishipa ya fahamu, pamoja na vimishipa vya damu vinavyoilisha. Ile mirefu hutangulia kuumia, ndiyo maana ganzi huanzia vidole vya miguu na kupanda taratibu hadi pale soksi inapoishia. Mwanzoni ni kuchomachoma usiku, na hapo wapo wanaosema mzee kakanyaga dawa. Baadaye maumivu yanakoma, mganga anapewa sifa, kumbe mishipa imekufa.

Ganzi iliyokwisha kukomaa ni nadra kurudi nyuma, lakini kuizuia kunawezekana. Utafiti wa Marekani na Kanada uliotangazwa mwaka 1993 ulionyesha kuwa wenye kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza madhara haya kwa takribani asilimia 60. Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wengi wetu, nafuu ni ndogo zaidi. Presha, sigara na pombe navyo vina mkono wake.

Kliniki kuna kipimo cha uzi mgumu wa plastiki: unafumba macho, unaguswa unyayoni, unasema ukihisi. Kiulizie. Aliyetumia metformini kwa miaka aulizie pia vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

Nyumbani, mjukuu amulike nyayo za babu kila jioni, hata katikati ya vidole. Katambuga zikung'utwe na kupapaswa ndani kabla ya kuvaliwa, kwani mwiba wa mgunga hupenya soli. Maji ya kuoga yapimwe kwa kiwiko. Sugu isikatwe kwa wembe. Na kidonda, hata kisipouma, kipelekwe zahanati siku hiyo hiyo. Kisisubiri pamba iuzwe.