Je, Wajua? Mafumbo ya Nyeri Yaliyozaa Hadithi

Asubuhi isiyo na ukungu, mtu akiwa Giakanja, hapa Tetu, anauona Mlima Kenya upande mmoja na safu za Nyandarua upande wa pili. Milima hiyo ina mafumbo mengi, na waandishi wameyachota kwa miaka mingi. Anayejifunza kutunga atafaidika akichunguza walipoingilia. Mara nyingi ni pale msimulizi wa kwanza aliponyamaza.

Je, wajua kwamba Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau na mzaliwa wa Thegenge huku huku Tetu, alihukumiwa kifo kwa kosa la kupatikana na bastola? Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri, akanyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Familia haikukabidhiwa mwili. Mjane wake, Mukami, alifariki Mei 2023 baada ya kuyadai mabaki ya mumewe kwa miaka mingi bila kuyapata.

Pengo hilo la kaburi limezaa fasihi. Mwaka 1974 Kenneth Watene alichapisha tamthilia yenye Kimathi aliyejaa shaka, kiongozi anayeelemewa na msitu. Miaka miwili baadaye Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo wakatoa The Trial of Dedan Kimathi, ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kama Mzalendo Kimathi. Kabla ya kuiandika walifunga safari hadi Karuna-ini kuongea na waliomfahamu. Wanaeleza katika dibaji kwamba mama mmoja huko alikataa katakata kuambiwa Kimathi amekufa: wanaodai wamemuua, na watuonyeshe kaburi. Naamini tamthilia nzima imesimama juu ya jibu la mama huyo. Shtaka la bastola wameliacha lilivyokuwa. Walichobuni ni yanayotokea gizani, ndani ya seli, ambako wageni wanaingia kwa zamu kumshawishi shujaa asalimu amri. Kumbukumbu za korti haziwezi kufika huko, na mtunzi ana uhuru wote.

Je, wajua kwamba hekaya ya Gĩkũyũ na Mũmbi iliwahi kufika kwenye tuzo ya kimataifa ya Booker? Kila mtoto wa Nyeri anajua kwamba mabinti wao tisa wa Mũkũrwe wa Nyagathanga walihitaji waume, na wanaume wakapatikana. Walikuwa akina nani hasa? Walitoka wapi? Katika Kenda Mũiyũru, kitabu cha mwaka 2018, Ngũgĩ anawaleta wachumba 99 kisha anawapitisha katika majaribu, likiwemo la kwenda kutafuta unywele unaoota kwenye ulimi wa zimwi ili kumtibu Warigia, binti wa kumi ambaye huachwa katika hesabu ya tisa. Tafsiri yake ya Kiingereza, aliyoifanya mwenyewe, iliingia kwenye orodha ya awali ya tuzo hiyo mwaka 2021. Kabla yake hakikuwahi kuingia humo kitabu kilichoandikwa kwanza kwa lugha ya asili ya Kiafrika.

Je, wajua kuhusu marozi, simba wa madoadoa? Mwaka 1931 mkulima Michael Trent aliua Nyandarua simba wawili wadogo wenye madoadoa. Kenneth Gandar Dower alikuja kuwasaka, akaona nyayo tu, na mwaka 1937 akachapisha kitabu kuhusu msako huo. Sayansi haijamkubali mnyama huyo kuwa aina ya peke yake. Mimi ningekiandika kisa hiki kupitia macho ya mbeba mizigo wa msafara, anayeujua msitu kuliko bwana wake.

Na hoteli ya Treetops je? Usiku wa kuamkia tarehe 6 Februari 1952 Elizabeth alilala kule juu ya mti akiwa binti mfalme. Baba yake alifia usingizini Uingereza, kwa hiyo dakika aliyogeuka malkia haijulikani.

Watu wa Pwani nao wana funzo lao. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar anaiweka maiti penye mzimu, mahali ambapo watu wangeridhika kusema ni kazi ya wahenga. Mpelelezi wake, Bwana Msa, haridhiki. Anauliza maswali, na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili inazaliwa. Mzimu umeheshimiwa, umetumika, na muuaji bado ni binadamu.

Msomaji wa Tetu mwenye nia ya kutunga, waliomwona Kimathi kwa macho yao wamebaki wachache mno. Nenda kwa nyanya au babu wa jirani mwaka huu huu, umuulize aliyoyaona na aliyoyasikia, uandike hata majina ya mito na njia za msituni. Akifika mahali akasita au akabadilisha mazungumzo, weka alama hapo. Anzia hapo kuandika.