Sanduku la Bati la Lowarengak

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Neno hilo nililikumbuka mbali sana na bahari yetu, huko Lowarengak, kwa wavuvi wa Ziwa Turkana, kaskazini ya Lodwar, karibu na mpaka wa Ethiopia.

Nilifika jioni, upepo ukipeperusha mchanga na samaki wamekwisha kuanuliwa. Binti wa mwenyeji wangu, mwanafunzi wa ukutubi aliyekuja likizo, alikuwa chini ya mti na sanduku la bati lililojaa vitabu, watoto wamemzunguka. Kila kitabu kilibandikwa namba ubavuni.

“Mzee,” aliniambia, “sisi wanafunzi twaweza kuingia chama cha wakutubi kwa ada nafuu. Lakini kwa mama, nafuu hiyo ni samaki wa siku mbili. Auliza, faida yake nini?”

Nikaanza kumhadithia. Wakutubi wa Afrika Mashariki waliunda chama chao mwaka 1956. Kilipovunjika, kila nchi ikashika njia yake, na Chama cha Maktaba cha Kenya kikazaliwa mwaka 1973. Mwaka 1974 wakutubi wa Afrika ya Mashariki, Kati na Kusini wakakutana Dar es Salaam. Na mwaka 1984 Nairobi ikawa mwenyeji wa mkutano wa wakutubi wa dunia nzima.

Binti akacheka. “Hayo tumefundishwa, mzee. Mama auliza faida.”

Nikaona haya, nikamwomba anieleze zile namba. Akasema ni mpango wa Mmarekani, Melvil Dewey, aliouchapisha mwaka 1876, mwaka ule ule aliposhiriki kuanzisha chama cha wakutubi wa nchi yake. Katika mpango huo Ukristo umepewa nafasi tangu 220 hadi 280. Uislamu, pamoja na tafsiri na sira, umewekwa katika 297. Kiingereza kina 420 yake, Kifaransa 440. Lugha nyingi za Afrika zimesongamana katika 496.

“Kwa hiyo,” akasema, “Kiswahili chako na Kiturkana changu ni majirani wa rafu moja.”

Waama, ujirani huo ulinifurahisha, lakini msongamano ule ulinichoma. Nikauliza ni nani awezaye kuyasema hayo yakasikika. Akajibu kuwa msomaji mmoja akinung'unika, huambulia kunung'unika tu. Wakutubi wakiyasema kwa umoja wao, wenye mpango hulazimika kusikiliza.

“Basi faida umekwisha kuitaja mwenyewe,” nikamwambia.

Mama yake, aliyekuwa akitengeneza wavu kando yetu, akainua uso. “Na hao wakubwa watamsikiliza mtoto wa Lowarengak?”

Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kuwa huenda wasimsikilize mwaka huu wala ujao. Ila asiyekuwamo barazani hasikiki kabisa.

Usiku ule sikupata usingizi. Nilimkumbuka ami yangu, aliyetufundisha chuoni. Alikuwa na kasha la miswada ya tenzi kwa hati za Kiarabu, na msahafu wake haukupata kukaa chini, daima juu ya marufaa. Alipofariki tuliligawa shamba lake kwa sheria, kila mtu na fungu lake. Lile kasha hakuna aliyelidai. Tulipolifungua baada ya miaka mitatu, mchwa walikuwa wameacha majalada tu. Hatukuwa na hata orodha ya kutuambia tumepoteza nini. Nami, mtunga mashairi wa ukoo huo, nilikuwa mmoja wa waliolipita kasha lile kila siku.

Asubuhi nilimkuta yule mama akifungua fundo la kanga yake. Alizihesabu noti mara mbili, akampa mwanawe bila neno.

Enyi wazazi wa Lamu, Mombasa na Malindi, huko Lowarengak mtoto alinda sanduku moja la bati kana kwamba ni hazina. Sisi tuliorithi makasha, watoto wetu tunawataka wawe mahakimu na madaktari, nao wapendao vitabu twawauliza watakula nini. Mchwa hawaulizi, wao wala.