KIVINJE: NAULI KIDOGO, MAMBO MAKUBWA!

Mtajie kijana wa mjini Kilwa, atakwambia Kisiwani. Sawa, magofu yale yako kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1981, na ni aibu kufika Kilwa usiyaone. Lakini ukishayaona, usikimbilie basi la Dar. Ongeza siku moja tu uende Kilwa Kivinje. Tena kwa daladala, kama wenyeji.

Kutoka Kilwa Masoko ni kilomita kama 30 hivi. Wahi stendi asubuhi, halafu acha haraka zako za Kariakoo: gari inaondoka ikijaa, na kujaa kwenyewe ni pamoja na ndoo za samaki, magunia na kuku wa watu. Toa shikamoo kwa wakubwa, jibane kidogo mama mwenye mtoto akae. Mpaka mfike utakuwa umeshapata habari zote za mji. Ukikosa gari ya moja kwa moja, shuka njia panda ya kwenda Kivinje utafute nyingine, au bodaboda.

Kivinje ni mji wa kutembea kwa miguu, taratibu. Anzia ufukweni, kwenye boma la Wajerumani linalotazama bahari, uone mashua na wavuvi wanavyohangaika na samaki wao. Kisha ingia mitaa ya zamani. Nyumba za mawe, roshani, milango ya nakshi... na nyingine hazina paa, miti imeota sebuleni!

Hapa usipige picha tu ukapita. Karne ya 19 huu ulikuwa mji wa pesa. Misafara kutoka pande za Ziwa Nyasa iliishia hapa, na mali yake ilikuwa pembe za ndovu na binadamu wenzetu, waliopakiwa majahazini kama mizigo. Uzuri wa mji ule ulilipiwa kwa biashara hiyo.

Ulizia pia Mwembe Kinyonga. Ndipo Wajerumani walipowanyongea waliowagomea. Mwaka 1895 walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara mwenye nguvu aliyekataa kutawaliwa. Walidhani yamekwisha. Miaka 10 baadaye, Julai 1905, Majimaji ikalipuka Nandete, wilaya hiihii ya Kilwa. Jina Kinyonga bado lipo: ndilo la hospitali ya wilaya hapo Kivinje. Jina la kitanzi, na leo watoto wanazaliwa chini yake!

Njaa ikiuma, tafuta samaki wa kukaanga na muhogo, umalizie na korosho. Pwani ni ustaarabu: kaptula fupi na vitopu acha hotelini, na kabla ya kumpiga mtu picha, muombe. Ikifika alasiri anza kuulizia gari ya kurudi, usije ukalala bila kupanga.

Na usiseme "mwakani". Kivinje haimo kwenye ile orodha ya UNESCO, na kuta za mawe na chokaa zisizo na paa hazishindani na masika. Kila mvua inaondoka na kipande. Nenda sasa, milango ingali na nyumba nyuma yake.