Kutoka Katalogi ya Maktaba hadi Orodha ya Marejeo: Mwanafunzi Achukue Nini, Aache Nini

Mwanafunzi anayerudishiwa kazi ya utafiti kwa sababu ya marejeo mabovu mara nyingi hushangaa, kwa kuwa maelezo ya kitabu aliyanakili neno kwa neno kutoka katika katalogi ya maktaba. Kasoro imeanzia papo hapo penye kunakili. Rekodi ya katalogi na orodha ya marejeo hueleza kitabu kilekile, lakini kila moja ina kazi yake.

Rekodi ya katalogi, iwe ya kadi katika droo au ya kompyuta, huandaliwa ili kitabu kitambulike na kipatikane rafuni. Kwa hiyo hubeba mambo mengi: jina kamili la mwandishi, anwani ya kitabu, toleo, mahali pa uchapishaji, mchapishaji, mwaka, idadi ya kurasa, urefu wa kitabu kwa sentimita, mada zake, ISBN na namba ya rafu. Orodha ya marejeo humhudumia msomaji ambaye huenda hajawahi kukanyaga katika maktaba hiyo. Yeye hahitaji kujua rafu. Anahitaji kujua nani aliandika, lini, kitabu kinaitwaje na nani alikichapisha.

Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ni mfano mzuri. Katika mfumo wa Dewey, fasihi ya Kiswahili hupangwa chini ya namba 896.392, na namba hiyo ndiyo humwongoza msomaji hadi kwenye rafu. Haiingii kabisa katika marejeo, wala ISBN haiingii. Baada ya kuchuja, mwanafunzi anayetumia mtindo wa APA, toleo la 7, ataandika: Kezilahabi, E. (1988). Rosa Mistika. Dar es Salaam University Press. Anayetumia MLA ataandika: Kezilahabi, Euphrase. Rosa Mistika. Dar es Salaam University Press, 1988. Katika mtindo wa Harvard, mahali pa uchapishaji hutajwa kwa kawaida kabla ya mchapishaji: Dar es Salaam: Dar es Salaam University Press. Katika mitindo yote mitatu, anwani ya kitabu huandikwa kwa herufi za mlazo.

Taarifa ni zilezile. Kilichobadilika ni mpangilio na kiasi. APA iliacha kudai mahali pa uchapishaji ilipotoa toleo la 7 mwishoni mwa mwaka 2019, lakini katalogi inaendelea kupaandika. Harvard nayo haina kitabu kimoja cha kanuni kinachofuatwa na wote, hivyo mwongozo wa chuo husika ndio wenye kauli ya mwisho.

Alama za uandishi ni mtego mwingine. Katika katalogi nyingi huachwa nafasi kabla ya nukta mbili, na mwaka unaweza kuandikwa ndani ya mabano ya mraba au kutanguliwa na herufi c. Mabano humaanisha kwamba mkutubi ameupata mwaka huo kwa njia nyingine, kwa kuwa kitabu chenyewe hakikuutaja mahali panapostahili. Herufi c huonyesha mwaka wa hakimiliki. Alama hizo zina maana kwa wakutubi, lakini zikihamishwa zilivyo huonekana kwa mtahini kama uzembe.

Jambo zito zaidi ni toleo. Rosa Mistika ilitoka kwanza mwaka 1971 kwa East African Literature Bureau, na toleo la Dar es Salaam University Press likafuata mwaka 1988. Kurasa za matoleo mawili ya kitabu kimoja si lazima zilingane. Mwanafunzi aliyesoma la mwaka 1988 akanakili rekodi ya lile la 1971, mtahini atafungua ukurasa uliotajwa na kukosa maneno yaliyonukuliwa. Hapo suala huacha kuwa la nukta na mkato, likawa la uaminifu wa kazi nzima. Kinga yake ni kulinganisha rekodi na ukurasa wa anwani ya kitabu kilichopo mkononi, pamoja na upande wake wa nyuma, ambako mwaka na toleo huandikwa. Vikitofautiana, kitabu cha mkononi ndicho kifuatwe. Ikumbukwe pia kwamba idadi ya kurasa iliyo katika rekodi ni ya kitabu kizima. Ukurasa ulionukuliwa mwanafunzi huuandika mwenyewe anaposoma.

Programu za kutengeneza marejeo haziondoi kazi hiyo. Huvuta taarifa kutoka katika rekodi kama hizo, na kosa lililomo huja nalo likiwa limepangwa vizuri.

Wapo pia wanafunzi wengi wanaosoma sura moja tu kwa fotokopi, bila jalada wala ukurasa wa anwani. Kwao katalogi ni msaada mkubwa, kwani kwa jina la mwandishi au maneno machache ya anwani kitabu kinaweza kutambuliwa. Hata hivyo, rekodi haiwezi kuonyesha fotokopi ilitoka katika toleo lipi ikiwa yapo zaidi ya moja. Njia ya uhakika ni kutoa nakala ya ukurasa wa anwani na wa nyuma yake pamoja na sura inayotakiwa, kabla kitabu hakijarudishwa kwa mkutubi.