Vito vya Mchezo: Tununue au Tungoje?

Jumapili iliyopita, tulipomaliza kuhesabu akiba na kufunga kisanduku cha AVEC yetu kwa kufuli zake tatu, mama mmoja hakuinuka. Alibaki kwenye benchi, mkoba juu ya magoti. Tulidhani ni shida ya mkopo. Akasema: "Wamama, nina deni kwa mtoto wangu, na sijui kama nilipe."

Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari hii, naye amekubali, ila jina tuliache.

Mwaka wa masomo ulipoanza alimwahidi kijana wake wa miaka 14: ukileta asilimia 70 kwenye buletini, nitakununulia kitu cha dola 20, uchague wewe mwenyewe. Mama huyu anatwanga mawe ya wachimbaji. Wote hapa Kamituga tunajua dola 20 ni vumbi la siku ngapi kifuani. Alifikiri mtoto atachagua viatu. Kijana akaleta asilimia 73, akachagua vito. Si vito vya kuvaa: ni vijiwe vya kijani ndani ya simu, vya mchezo unaoitwa Clash of Clans.

Mama mmoja alicheka mpaka akajifuta machozi. "Katika mji huu wa dhahabu, mtoto anataka kununua mawe yasiyoshikika!" Mwingine akasema mchezo ni shetani, simu ichukuliwe. Mwingine akasema ahadi ni ahadi, ukiivunja leo mwakani mtoto hatasoma. Kelele ikawa nyingi. Mwishoni mzee wetu wa kikundi akasema neno la maana: "Mnahukumu kitu ambacho hamjakiona. Muiteni mtoto aje na simu."

Akaja. Alikuwa na haya, wamama kumi na wawili wamemzunguka, lakini alieleza vizuri kuliko nilivyotazamia.

Mchezo wenyewe ni wa bure. Ulitoka mwaka 2012, ulitengenezwa na kampuni ya Supercell ya Helsinki, kule Ufini. Unajenga kijiji: kuta, mizinga, kambi ya askari. Unapanga namna ya kujilinda na namna ya kushambulia vijiji vya wengine. Kuna kupanga kweli ndani yake. Ukiweka ukuta mahali pabaya, adui anapita. Kijana alituonyesha pia mgodi wa dhahabu ulio ndani ya kijiji chake, unaotoa dhahabu usiku na mchana. "Na hauporomoki?" mama yake aliuliza. "Hapana, mama." Hakuna aliyecheka sana hapo.

Sasa vito. Kujenga kunachukua muda: jengo dogo dakika chache, kubwa siku kadhaa. Kila jengo linahitaji fundi mmoja, na fundi akiwa kazini hawezi kuanza lingine. Vito vinafanya kazi za namna mbili hasa. Namna ya kwanza ni kumaliza jengo papo hapo bila kungoja. Namna ya pili ni kupata fundi wa kuongeza. Kila mtu anaanza na mafundi 2. Wa 3 ni vito 500, wa 4 ni 1,000, wa 5 ni 2,000.

Ukilipa vito ili jengo liishe leo badala ya keshokutwa, keshokutwa umekwisha kusahau. Ni kama kuni: zimeungua, zimekwenda. Lakini fundi akishanunuliwa haondoki. Anabaki kijijini siku zote, na kila jengo linalofuata anakusaidia. Ni kama sufuria. Kwa hiyo swali la "tununue vito au tusinunue" lilikuwa halijakamilika. Ilibidi kuuliza kwanza: vito vya kufanyia nini?

Tulipomuuliza, kijana alijibu bila kusita. Anao mafundi 3. Anataka awe na 5.

Basi tukachukua daftari la akiba, ukurasa wa nyuma, tukapiga hesabu. Duka la mchezo linauza vito 80 kwa karibu dola 1, 500 kwa karibu dola 5, 1,200 kwa karibu dola 10, 2,500 kwa karibu dola 20. Fungu kubwa kabisa ni vito 14,000 kwa karibu dola 100. Mmeona ujanja: kwa dola 1 moja moja, dola 100 zingekupa 8,000 tu. Ndivyo tunavyojua sokoni, anayepimiwa kwa kikombe analipa zaidi kuliko anayebeba gunia. Lakini gunia la unga likikuzidi, unamuuzia jirani. Vito vikikuzidi haviuziki kwa mtu. Vinamkaa mtoto mkononi mpaka amalize majengo kwa haraka tu, yaani avitie motoni kama kuni.

Halafu tukaona jambo ambalo kijana mwenyewe hakuliona. Fundi wa 4 na wa 5 pamoja ni vito 3,000. Dola 20 zinaleta 2,500. Hazitoshi! Angetumia zawadi yote kisha angerudi kwa mama yake na ombi jingine. Ila alikuwa na vito 420 alivyojikusanyia. Tukajumlisha: 2,920. Bado 80. Mama yake akamtazama, akasema polepole, "Na hizo 420 ulizipata wapi? Nani alikupa pesa?"

Hakuna aliyempa. Mchezo wenyewe unatoa vito kwa mwenye subira. Miti na vichaka huota kijijini kila baada ya saa 8 hivi. Ukiyafyeka, unaweza kupata kito kimoja, vitatu, mara nyingine sita, mara nyingine patupu. Karibu kila juma hutokea pia sanduku lenye vito 25. Na ukitimiza kazi fulani unapewa vito vingine. Fundi wake wa 3 alimpata hivyo, bila franka hata moja.

Hapo ndipo mimi nilipobadilisha mawazo. Nilikuja nikiwa upande wa "hapana". Nikaona mtoto huyu amefyeka miti ya uongo miezi na miezi bila kumwibia mtu, kisha akaomba kwa njia iliyo wazi, kwa ahadi aliyoitimiza. Huyo si mtoto wa kunyang'anywa simu.

Kuna neno jingine la kujua. Mwaka 2017 mchezo huu uliongezewa kijiji cha pili kizima, ng'ambo ya maji, chenye majengo yake na namna yake ya kupigana. Kilitolewa bure kwa kila mchezaji. Maana yake, kilichoongeza mchezo hakikuuzwa. Kinachouzwa ni muda. Na katika nyumba zetu, tukiwa wakweli, nani ana muda mwingi na nani ana pesa kidogo? Mtoto ana likizo nzima.

Michezo mingine iko kinyume, na tusiipime yote kwa kipimo kimoja. Mpwa wangu anasoma Bukavu, ana kompyuta ya mtumba, naye alinisumbua mwaka jana na mchezo wa Civilization VI. Huo ni wa kuongoza taifa tangu zamani za kale. Unanunuliwa, kisha kuna nyongeza zinazouzwa peke yake: moja ilitoka mwaka 2018, bei yake ya mwanzo karibu dola 30, nyingine ya mwaka 2019, karibu dola 40. Ile ya 2019 inaleta mafuriko, dhoruba na milima inayotapika moto, vitu ambavyo mtu wa Kivu hahitaji kompyuta kuvijua. Hiyo ni nyongeza ya kweli, inabadilisha namna ya kucheza, na ukishainunua haiishi. Lakini nilimuuliza: umecheza na mataifa yote uliyo nayo? Maana ufalme wa Kongo, na mfalme wake Mvemba a Nzinga, umo ndani ya mchezo wa kwanza, bila nyongeza. Hakuwahi hata kuugusa. Nikamwambia aanzie huko, na akitaka nyongeza angojee siku ambazo duka linapunguza bei, kwa kuwa hupunguza mara kadhaa kwa mwaka. Na akumbuke mega za kupakua, ambazo bei ya duka haizitaji.

Kuna aina ya tatu, na hapo jibu langu ni hapana, hata mtoto akileta asilimia 90. Ni michezo inayouza sanduku lililofungwa: unalipa bila kujua ndani mna nini. Labda askari hodari, labda takataka, na ukikosa unajaribu tena. Mwaka 2018 tume ya michezo ya kamari ya Ubelgiji ilisema wazi kwamba masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya michezo mikubwa ni kamari. Wazee wetu walilijua tofauti hilo kabla ya simu. Katika jumba la makumbusho la British Museum huko London kuna sanamu ya mfalme wa Wakuba, Shyaam aMbul aNgoong, wa karne ya 17, na mbele yake limechongwa bao la mashimo. Masimulizi husema aliwaletea watu wake mchezo huo wa kufikiri ili waache kamari. Bao halikuombi uongeze kitu; kete ulizoanza nazo ndizo unazomalizia.

Nirudi kwa kijana wetu. Walielewana hivi, mbele yetu. Mama ananunua fungu la vito 500 kwa dola 5. Pamoja na 420 zake ni 920, na 80 zilizobaki atazifyeka mwenyewe, kwa majuma mawili hivi. Hivyo anapata fundi wa 4. Wa 5 atamtafuta kwa subira. Alikadiria zaidi ya nusu mwaka, akakubali, ingawa uso ulianguka kidogo. Dola 15 zilizobaki bado ni zake, mama hakuzirudisha mfukoni. Hilo nililipenda, kwa sababu kuna wazazi wangesema "tumeokoa pesa" na kununua mawese.

Kulipa nako kuna mitego. Mjomba wa mtoto, mwenye kadi ya benki, alikuwa amefika kutoka Bukavu siku zile, na tope la barabara bado kwenye suruali. Aliingiza kadi yake kwenye simu, akanunua, kisha tukamwambia aiondoe hapohapo. Kadi ikibaki, mtoto anabonyeza mara moja tu na pesa zimekwenda. Hata Marekani wazazi walilia: mwaka 2014 kampuni ya Apple ilikubali kuwarudishia wateja si chini ya dola milioni 32.5 kwa manunuzi ya watoto ambayo wazazi hawakuyaruhusu. Kwenye simu za Android, ingia Play Store, fungua mipangilio, na uchague kwamba neno la siri liombwe kila mara kabla ya kununua. Neno hilo alijue mama. Sisi kisanduku chetu kina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu; simu nayo isiwe na mlango wazi. Na mtu akibonyeza kwa makosa, aombe kurudishiwa na Google kabla saa 48 hazijapita.

Ikiwa hakuna mjomba mwenye kadi, kuna vijana wanaokununulia kwa kupokea pesa za simu. Uliza kwanza wanakata ngapi juu ya bei. Na yeyote anayemwomba mtoto neno la siri la mchezo, au ile namba ya kuthibitisha inayokuja kwa barua pepe, mwambie asante na uondoke: anaweza kuchukua kijiji chote na miezi yote ya kazi.

Jana nilikutana na kijana kwenye njia ya soko, amebeba dumu la maji. Nikamuuliza habari za fundi. "Bado vito 31, mama," akasema. Viatu amekwisha kuvinunua.