DAMU INAYOPANDA SHINGONI

Weka vidole viwili shingoni, kando ya koo, upande mmoja tu, wala usikaze. Unasikia mpigo. Huo ndio mshipa unaopeleka damu katika ubongo, na upande wa pili uko mwenzake. Ubongo ni fungu moja tu katika 50 ya uzito wa mwili, lakini hupokea karibu fungu moja katika 7 ya damu itokayo moyoni. Nao hauna ghala. Ukikosa damu dakika chache, huanza kufa.

Kwa mtu wa miaka mingi, na zaidi mwenye tansiyo, ugonjwa wa sukari au mazoea ya tumbako, mafuta huganda katika ukuta wa mshipa huo na njia ya damu huwa nyembamba. Haiumi. Mtu hutoka Mudzipela kwenda sokoni Bunia kwa miguu, asijue neno.

Hajui kwa sababu mishipa midogo ya ubongo hujipanua damu ikija kidogo. Ni kama mkulima mwenye mfereji: maji yakipungua, hufungua milango yote ya bustani. Lakini yakipungua tena, atafungua mlango gani?

Hilo ndilo waganga wanalotaka kujua. Mwaka wa 1982 Rune Aaslid, mtu wa Norway, na wenzake walionyesha ya kuwa mawimbi ya sauti, kama yale ya ekografi wanayoijua mama wajawazito, yaweza kupita katika mfupa mwembamba wa panjani na kupima mwendo wa damu ndani ya kichwa. Mgonjwa hulala, huambiwa azuie pumzi nusu dakika. Hewa chafu huongezeka katika damu, na mishipa mizuri hujipanua, damu ikakimbia zaidi. Lakini ikiwa mishipa imekwisha kupanuka yote, mwendo hauongezeki upande ule. Mtu huyo yumo katika hatari ya kupooza kuliko mwenzake mwenye kizuizi sawa ambaye damu yake bado huongezeka.

Usijipime nyumbani; pumzi bila mashine haikuambii kitu. Na mashine hiyo haiko kila hospitali.

Lakini iko dalili isiyotaka mashine. Unakunywa chai asubuhi, kikombe kinaanguka. Mkono wa kushoto umelegea, au mdomo umepinda, au jicho moja limeingia giza. Robo saa ikipita, umepona. Jirani wanasema umerogwa, wanakuchanja chale, na sisi wauguzi tunakuona siku ya tatu, umebebwa. Ubongo wa kuume ndio unaoongoza mkono wa kushoto. Basi huenda kizuizi kiko katika shingo ya kuume. Njoo siku ile ile, hata kama mkono umerudi, ukatuambie saa ulipolegea.

Na wewe unayemeza dawa za tansiyo, ukisahau jana usimeze mara mbili leo. Kwa mtu ambaye milango yake yote iko wazi, tansiyo ikishuka ghafula ubongo hukosa damu. Meza ya leo tu, na siku ya kupimwa mwambie mganga ulizosahau.