Mlango Mmoja, Simulizi Moja: Njia ya Manusura wa Ukatili Kuelekea Matibabu

Mwanamke aliyebakwa usiku wa Ijumaa ana hadi usiku wa Jumatatu kuanza kutumia dawa kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI. Baada ya saa 72 dawa hizo hazitolewi tena, kwa kuwa virusi vikishajijenga mwilini haviwezi kuzuiwa kwa njia hiyo. Ndani ya siku hizo tatu zimo Jumamosi na Jumapili, nauli ya kutoka kijijini hadi hospitali ya wilaya, foleni ya mapokezi, fomu ya polisi, na ndugu wanaoshauri kwamba jambo hili limalizwe kifamilia. Kila kimojawapo chaweza kula nusu siku. Vikikutana vyote, muda humalizika manusura akiwa bado hajaonana na daktari.

Kwa sababu hiyo, mjadala wa kuboresha huduma kwa manusura wa ubakaji na ukatili wa majumbani hauna budi kuanza na njia anayopita. Dawa zinajulikana, miongozo imeandikwa na sheria zimetungwa. Mara nyingi kinachokatika ni kiungo baina ya huduma moja na nyingine, na hapo ndipo manusura wengi hupotea.

Wanaosema na wanaonyamaza

Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto nchini Tanzania, ulioshirikisha UNICEF, Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Matokeo yake, yaliyotangazwa mwaka 2011, yalionesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walipatwa na ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Takriban nusu ya wasichana hao walimweleza mtu yeyote yaliyowapata, na takriban mmoja kati ya watano ndiye aliyetafuta huduma. Kwa wavulana ukimya ulikuwa mzito zaidi.

Kwa upande wa watu wazima, Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2015-16 ulikuta kwamba asilimia 40 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na asilimia 17 waliwahi kufanyiwa ukatili wa kingono.

Takwimu hizo zina maana ya moja kwa moja kwa mtoa huduma za afya. Manusura anayefika mbele yake amekwisha kuvuka vizuizi ambavyo wenzake wengi walishindwa kuvivuka. Amevuka aibu, woga wa mtendaji wa kosa, na usemi wa kwamba mambo ya ndani yasianikwe nje. Akipokewa vibaya hapo mlangoni, hatarudi, na huenda akawaambia wengine wasijisumbue kwenda.

Saa za mwanzo

Huduma ya kitabibu baada ya kubakwa ina mambo machache yanayojulikana vizuri. La kwanza ni kutibu majeraha yanayohatarisha uhai. Yanafuata mambo yanayoshindana na muda. Dawa kinga dhidi ya VVU huanzishwa mapema iwezekanavyo ndani ya saa 72, baada ya kipimo cha awali, na hutumiwa kwa siku 28 mfululizo. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vyaweza kutolewa hadi saa 120 baada ya tukio, lakini nguvu yake hupungua kadiri saa zinavyopita. Vidonge hivyo huzuia mimba kutunga na wala havitoi mimba iliyokwisha kutunga. Jambo hili lafaa kuelezwa wazi, kwa kuwa baadhi ya manusura huvikataa kwa kutolijua. Yapo pia matibabu ya magonjwa ya ngono, chanjo ya homa ya ini aina B, na chanjo ya pepopunda kwa mwenye majeraha.

Uchunguzi wa mwili hufanyika kwa ridhaa ya manusura, hatua kwa hatua, naye akiwa na haki ya kusema basi wakati wowote. Ni vyema aende kabla ya kuoga au kufua nguo, na nguo hizo zihifadhiwe katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa ndani ya mfuko wa plastiki huingia unyevu na ushahidi ukaharibika. Hata hivyo, aliyekwisha kuoga asikate tamaa, maana matibabu yake ni yaleyale.

Jambo jingine linalohitaji kusemwa bila kificho ni kuhusu alama za mwili. Manusura wengi wa ubakaji hawana jeraha lolote linaloonekana, na kutokuwapo kwa jeraha hakuthibitishi kwamba hakubakwa. Kile kinachoitwa kipimo cha bikira hakina msingi wa kisayansi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitoa wito kikomeshwe kila mahali. Daktari anayeandika katika taarifa yake kwamba binti “amezoea wanaume” huwa ameacha utabibu na kuingia katika uvumi, na sentensi hiyo moja yaweza kuivunja kesi mahakamani.

Fomu haitangulii dawa

Nchini Tanzania, fomu namba 3 ya polisi, ijulikanayo kwa wengi kama PF3, hutolewa kituo cha polisi, hujazwa na mganga baada ya uchunguzi, kisha hutumika kama ushahidi. Kazi yake ni muhimu. Tatizo huanza pale inapogeuzwa kuwa tiketi ya kuingilia chumba cha daktari, na manusura anayevuja damu akaambiwa aende kwanza polisi ndipo atibiwe.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inaeleza kwamba matibabu ya manusura yasitegemee iwapo ametoa taarifa polisi au la. Kwa mtu mzima, kushtaki ni uamuzi wake mwenyewe. Anaweza kuhitaji wiki kadhaa za kutafakari, ilhali dawa kinga haziwezi kumsubiri. Kwa mtoto hali ni tofauti, kwa kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka wajibu wa kutoa taarifa pale haki za mtoto zinapovunjwa. Hata hapo, dawa hutangulia na taarifa hufuata.

Mkono kwa mkono

Jibu lililopatikana katika nchi nyingi kwa tatizo la manusura kuzungushwa ni kuziweka huduma zote chini ya paa moja. Malaysia ilianzisha kituo cha namna hiyo katika hospitali ya Kuala Lumpur mwaka 1994. Jijini Nairobi, kituo cha kuwahudumia manusura katika Hospitali ya Wanawake ya Nairobi kilianza mwaka 2001. Rwanda ilifungua kituo cha Isange katika hospitali ya polisi ya Kacyiru, Kigali, mwaka 2009, kisha ikaueneza mfumo huo katika hospitali za wilaya. Zanzibar ilifungua kituo chake katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, na Dar es Salaam ikafuata katika Hospitali ya Amana, Ilala.

Tanzania vituo hivi huitwa Vituo vya Mkono kwa Mkono, na jina hilo linaeleza vizuri kazi yake. Mganga, muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, mnasihi na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto hufanya kazi mahali pamoja. Manusura hukabidhiwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine bila kuachwa peke yake njiani. Faida kubwa kuliko zote ni kwamba husimulia yaliyompata mara moja, kwa utulivu, na maelezo hayo yakaandikwa vizuri. Asiye na kituo kama hicho hulazimika kuyarudia mapokezini, kwa muuguzi, kwa daktari, kwa askari wa zamu na kwa mpelelezi. Kila marudio huchokonoa kidonda, na tofauti ndogo za maelezo baina ya simulizi hizo huja kutumiwa baadaye kumwita mwongo.

Hata hivyo, jengo peke yake halitoshi. Kituo kinachofungwa saa tisa na nusu alasiri hakiwezi kumsaidia anayefika saa nne usiku. Kibao kikubwa cha “Kituo cha Ukatili wa Kijinsia” mlangoni humtangaza kila anayeingia. Tena, wananchi wengi huanzia zahanati na kituo cha afya, mbali na hospitali kubwa. Muuguzi wa zahanati anayejua hatua za mwanzo, mwenye dozi ya kuanzia na namba ya simu ya wa kumpigia wilayani, huokoa saa ambazo kituo bora cha mjini hakiwezi kuzirudisha.

Kidonda kinachorudi

Ukatili wa majumbani una sura nyingine. Mwenye kosa analala chumba kimoja na manusura, anashika fedha ya matumizi, na mara nyingi ndiye anayemsindikiza hospitalini na kueleza kwamba “alianguka bafuni”. Mtoa huduma aone dalili: majeraha yanayojirudia, maelezo yasiyolingana na jeraha, maumivu ya muda mrefu yasiyopatiwa sababu, kuchelewa kuhudhuria kliniki ya wajawazito, na mwenza asiyemwacha mgonjwa aseme mwenyewe. Akizihisi, aulize, lakini faraghani tu. Kuuliza mbele ya mume au mbele ya wifi ni kumwongezea hatari.

Kukabwa shingo kunastahili uangalifu wa pekee. Huenda kusiache alama yoyote ya nje, ilhali mishipa ya damu ya shingoni imeumia na kiharusi kikaja baada ya siku kadhaa. Pia ni miongoni mwa ishara nzito kwamba maisha ya mwanamke huyo yamo hatarini.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga. Kwa upande mwingine, Kanuni ya Adhabu haitambui ubakaji ndani ya ndoa isipokuwa pale wanandoa wanapokuwa wametengana. Pengo hilo la kisheria ni suala la Bunge. Kwa daktari, maumivu ya mke aliyelazimishwa ni maumivu, na huduma yake haipunguzwi na cheti cha ndoa.

Swali la “kwa nini asiondoke?” huulizwa kwa wepesi. Kuondoka kunahitaji mahali pa kwenda, nauli, na watoto kuwa salama, na mara nyingi wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa. Kwa hiyo mtoa huduma hamwamrishi aondoke wala hamwambii avumilie. Humsaidia kupanga: jirani gani atafuatwa usiku, nyaraka na akiba kidogo zitawekwa kwa nani, watoto watapita mlango gani.

Maneno ya kwanza

Shirika la Afya Duniani linapendekeza msaada wa awali wenye hatua tano ambazo kila mtoa huduma anaweza kujifunza: kusikiliza bila kukatiza, kuuliza mahitaji na hofu zake, kumthibitishia kwamba anaaminiwa na hana lawama, kutazama naye usalama wake, na kumuunganisha na msaada zaidi. Hatua hizo hazihitaji kifaa chochote. “Pole sana. Si kosa lako. Uko mahali salama, na tutafanya kila hatua kwa idhini yako.” Sentensi hizo huchukua nusu dakika. “Ulikuwa umevaa nini?” huchukua muda mfupi zaidi, na manusura huondoka nayo moyoni kwa miaka.

Kusikiliza si kumlazimisha asimulie. Kumshinikiza manusura aeleze tukio lote kwa undani siku hiyohiyo, eti apate kupumua, hakupendekezwi. Wengi hupata nafuu taratibu wakiwa na watu wanaowaamini. Wanaoendelea kuwa na jinamizi, sonona au mawazo ya kujiua wanahitaji matibabu ya kitaalamu, na hao hujulikana tu iwapo kuna atakayewauliza tena.

Hapo ndipo penye udhaifu mwingine mkubwa. Dozi ya siku 28 ni ndefu, ina kichefuchefu, na vidonge vinaweza kumfichua mbele ya watu wa nyumbani. Vipimo vya VVU hurudiwa baada ya wiki kadhaa na tena mwezi wa tatu. Mtoa huduma aulize mapema: dawa utazihifadhi wapi? Tukupigie kwa namba ipi, na nani hupokea simu hiyo? Nani atakusindikiza utakaporudi?

Kazi ya jamii

Nje ya hospitali, uamuzi wa kwanza hufanywa na mama mzazi, mwalimu, mjumbe wa nyumba kumi, shekhe au mchungaji. Ndio wanaoweza kusema “twende hospitali sasa hivi” au “tuite kikao”. Kikao cha familia kinachopokea mbuzi au fedha na kuyafunga mambo humnyima mtoto dawa pamoja na haki. Kwa watoto, ipo namba ya simu ya bure 116. Kwa umri wowote, lipo Dawati la Jinsia na Watoto, yupo ofisa ustawi wa jamii, na ipo zahanati ya karibu.

Kwa upande wa hospitali, maboresho mengi yaliyotajwa humu hayasubiri bajeti mpya: dozi ya kuanzia iwekwe chumba cha dharura badala ya stoo iliyofungwa mwisho wa wiki, chumba chenye mlango unaofungika kitengwe, walinzi na makarani wa mapokezi wafundishwe pamoja na madaktari, kwa kuwa wao ndio wanaokutana na manusura kwanza, na kila zamu iwe na mtu mmoja anayejua kwamba akija, ni wake mpaka akabidhiwe kwa mwingine. Aliyebakwa usiku wa Ijumaa akimkuta mtu huyo Jumamosi asubuhi, zitakuwa zimebaki saa za kutosha.